Filamu Aliyoipa Tisa

Kaka yangu hatoi kumi. Hata ungemletea filamu iliyotengenezwa na malaika, hatoi. "Kumi ni ya Mungu," husema, "tisa bado haijatengenezwa, na nane nimetoa mara nne tu tangu nizaliwe." Anakwambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyekalia kiti cha enzi, kumbe amekalia kigoda changu cha plastiki, miguu kwenye vipande vya vitambaa. Mtaani wanamwita Jaji. Mimi namwita Kaka, kwa sababu amenitangulia kwa miaka tisa na ndiye aliyenishika mkono siku yangu ya kwanza ya shule.

Nataka kusimulia mwaka mmoja wa filamu zake, na nilichomfanyia ndani ya mwaka huo. Nimeshakiri kwake, nimeshakiri mbele za watu, lakini bado inaniwasha kama shati la sufu wakati wa joto. Kwa hiyo nakiri tena.

Kaka alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha mashine cha jumba la sinema. Chumba chenyewe kilikuwa juu kabisa, nyuma ya watazamaji, joto la kuokea mkate, na ukutani kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Kupitia tundu hilo alitazama kila filamu iliyofika mjini kwetu, tena si mara moja. Filamu ikikaa wiki mbili, yeye ameitazama mara ishirini na nane. Watu wa chini walicheka na kulia mara moja wakaenda zao. Yeye alijua hata mwigizaji gani alikohoa bila kupangiwa. Huko ndiko alikoanzia daftari: jina la filamu, alama, na sababu kwa sentensi moja. "Sita. Mapigano mazuri, mapenzi ya kulazimisha." "Tatu. Mwanamke analia mwanzo hadi mwisho na hatuambiwi kafiwa na nani."

Jumba likafungwa, likawa ghala la magodoro. Halafu macho nayo yakaanza kufunga. Presha ya macho, daktari akasema, tena mmechelewa. Kufikia mwaka ninaousimulia, kaka alikuwa anaona mwanga wa dirisha, basi. Mimi mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, watoto wana nyumba zao, nami nimebaki na vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo karakana yangu ya ushonaji. Nikamwambia, Kaka, njoo tukae. Akaja na sanduku la bati, redio, na madaftari kumi na moja.

Wiki ya kwanza hakusema neno. Ya pili akauliza, "Sindano," ndivyo anavyoniita tangu nijifunze kushona, "ile televisheni yako bado inafanya kazi?"

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi zetu. Saa nane mchana, tukishakula, nafunga mlango wa wateja, naweka filamu, namsimulia. Zile filamu zenye mtu anayepayuka tafsiri juu ya sauti za waigizaji kaka hazitaki hata kuzisikia. Anasema ni sawa na kutafuniwa chakula. Yeye anataka asikie filamu yenyewe kwa lugha yake ya kigeni, na mimi nimsomee maandishi ya chini na kumwambia kinachoonekana. "Usiniambie ni nzuri," alinionya mapema. "Usiniambie inasikitisha. Niambie nani kasimama wapi na kashika nini. Uzuri nitautafuta mwenyewe."

Na kwa nini nisitoe maoni? Kwa sababu maoni yangu hayajawahi kuwa kitu kwake. Nikiwa na miaka kumi na minne nilimwambia filamu fulani ya farasi ilikuwa tamu. Akanicheka wiki nzima mbele ya rafiki zake. Anasema mimi nina mikono, sina kichwa cha kubuni. "Mpe kipimo atakushonea," huwaambia wateja wangu, mbele yangu, "lakini usimwambie abuni mshono, utatoka na gunia." Tusi hilo nimeishi nalo zaidi ya miaka arobaini mpaka likawa utani wa nyumbani. Nacheka nao. Lakini nikiwa peke yangu sicheki.

Filamu ya kwanza ya mwaka ilikuwa ya mwanamke anayeuza tiketi za treni ambaye mwenyewe hajawahi kupanda treni. Niliisimulia kwa uaminifu, hata rangi ya kucha zake niliisema. Akaipa sita: "Mwanzo mzuri, ila amepanda treni mapema mno." Mimi niliipenda kuliko sita, lakini nani aliniuliza? Nikaandika sita. Ya pili, ya majambazi wanaoibiana wenyewe kwa wenyewe, ilipata nne, na hapo tulikubaliana, ingawa nilinyamaza.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Fundi hatazami filamu mikono mitupu. Mwezi wa tatu nilikuwa na mashati sabini ya shule moja, kila shati vifungo saba, na vifungo natia kwa mkono. Kwa hiyo nasimulia huku natia. Na kifungo kina wakati wake: ukishapitisha uzi lazima uangalie chini, uzungushe, upige fundo, ukate kwa meno. Siku hiyo niliangalia chini nikiwa nimeacha baba, binti, na chakula mezani. Nikainua macho, kuna binti na chakula. Baba hayupo, na binti analia.

"Kuna nini?" kaka akauliza. "Mbona kimya?"

Ningesema, Kaka, samahani, nilikuwa natia kifungo, ngoja nirudishe nyuma. Sentensi moja tu. Lakini Jumamosi iliyotangulia nilirudisha nyuma mara tatu, naye akanifokea kwamba filamu si shati, haifumuliwi. Nikasema, "Baba kaenda kumwita daktari."

Daktari katoka wapi? Hata mgonjwa hakuwepo! Ikabidi nimtafute mgonjwa, nikamweka bibi chumba cha pili, nikambebesha kikohozi. Kaka akatikisa kichwa taratibu. "Huyo baba ana moyo," akasema. Filamu akaipa saba kwa sababu ya baba huyo, ambaye mpaka leo sijui alikwenda wapi.

Mwonja asali haonji mara moja. Juma lililofuata niliruka mahali pawili, nikaziba kwa kiraka changu mwenyewe, na kiraka hakikuonekana. Nikajiambia si uongo, ni kazi ya fundi. Kila fundi anajua kuficha mshono.

Mwezi wa sita tulikwenda kliniki, na daktari akasema hata ule mwanga wa dirisha unaondoka. Kaka alirudi nyumbani hakula. Siku tatu hakuwasha redio. Ilipofika Jumamosi nikasema tuache, akasema, "Weka." Na bahati mbaya iliyoje, filamu yenyewe ikawa ya mzee anayepofuka. Mwishoni mzee anachukua fimbo yake na kuingia mtoni. Niliona inakokwenda. Kaka akainama mbele, mikono magotini.

"Anafanya nini?"

"Anavuka."

"Maji yamefika wapi?"

"Magotini," nikasema. Yalikuwa kidevuni.

"Sasa je?"

Skrini ilikuwa maji matupu, na fimbo inaelea. "Kafika ng'ambo, Kaka. Kuna mtu anampa shuka ajifute."

Kaka akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta. "Saba na nusu," akasema. "Aliyetengeneza hii anajua kitu." Jioni hiyo alikula, tena akaomba nyongeza. Mnaweza kunihukumu kwa hilo, lakini ningeishia hapo nadhani hata Mungu angeangalia pembeni.

Sikuishia hapo. Mwezi wa kumi nilikuwa na gauni la bibi harusi lililorudishwa mara ya tatu, maana kila nikilipanua mwenyewe naye anapanuka. Nimekasirika, joto, na filamu yenyewe ni wanaume watatu jikoni wanagombana huku wanakula, maandishi yanapita mbio kama yanafukuzwa. Nikasoma mstari mmoja, nikakosa mitano. Nikachoka. Nikaona, potelea mbali. Nikasema, "Kuna daraja."

"Daraja?"

"Daraja la mtoni, lile la kufunguka meli zipite. Na kuna mlinzi wake."

"Mbona nasikia sahani?"

"Wanakula mkahawani, pale pembeni ya daraja." Uongo ulikuwa unatoka laini kama siagi. "Kazi yake ni kuinua kizuizi na kuandika kila anayevuka. Ana daftari. Anaandika saa, watu wangapi, mzigo gani. Miaka na miaka, hajaruka mtu."

Kaka akaacha kutikisa mguu. Mimi nimeinamia gauni, sitazami hata skrini, na maneno yanakuja. Mlinzi ana mke. Mke anamletea chakula darajani kila siku, wanakula hawazungumzi sana. Halafu asubuhi moja mke anakuja bila chakula. Amevaa viatu vya safari, mkononi ana begi. Anasimama mbele ya kizuizi, hasemi kitu. Mlinzi naye hasemi kitu. Angeweza kumzuia, funguo anazo yeye. Lakini kazi yake ni kufungua. Basi anafungua, mke anavuka, hageuki. Na mlinzi anaketi, anachukua kalamu, anaandika daftarini: saa nne na robo, mwanamke mmoja, begi moja.

"Halafu?" kaka akauliza.

"Halafu basi. Imekwisha." Nikazima televisheni haraka, wale wanaume watatu bado wanapigiana kelele.

Nikainua macho nikaona machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyo na kazi nyingine tena. Kaka yangu, ambaye hakulia jumba lilipofungwa. "Sindano," akasema, "andika tisa."

"Tisa?"

"Tisa. Na uandike sababu: hajafanya kosa lolote, na ndiyo maana inauma."

Niliandika, kisha nikatoka uani nikajifanya naanua nguo. Uso nimeuficha kwenye shuka iliyolowa, nacheka, nalia, sijui. Tisa! Mimi, wa gunia! Nilitamani kurudi ndani nimwambie, Kaka, ni mimi, ni kichwa changu hiki. Lakini ningemwambia, tisa ingebaki tisa? Nikanyamaza. Tena ikanipanda kichwani. Tangu siku hiyo nilibuni hata pale filamu ilipokuwa nzuri na nimeielewa vizuri. Kwa filamu arobaini na mbili tulizotazama mwaka ule, naweza kuapa kwa kumi na tisa tu kwamba nilizisimulia kama zilivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi nguo wake.

Mwezi wa kumi na mbili kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja kuchukua suruali yake. Pale kwake, Jumapili mchana, wanaume hukusanyika kubishana mpira na filamu. Akamwambia kaka, "Jaji, mwaka unakwisha. Njoo Jumapili utupe hukumu zako. Filamu bora, filamu mbovu, tubishane kiungwana."

Kaka alisimama kama ameitwa ikulu. Tangu macho yaondoke hakuwa ameitwa popote. Juma zima alinisomesha daftari, anakariri orodha. "Soma tena ya daraja," ananiambia. Nami nasoma. Mara ngapi mdomo ulifunguka niseme! Jumatano nilisema, "Kaka, hivi hiyo ya daraja lazima uitaje?" Akanishangaa. "Sasa nikataje nini, ile ya majambazi?" Nikaenda kumpigia pasi shati. Shati nililipiga pasi mara mbili, kana kwamba pasi ingeninyooshea na lile jambo jingine.

Jumapili nikampeleka. Nikamkalisha kwenye kile kiti cha kuzunguka, nikasimama mlangoni na mwavuli wake. Walikuwa wanaume saba au wanane. Kaka alianza vizuri, na Mungu wangu, alikuwa mtamu! Ile ya muuza tiketi aliisema wakacheka mpaka kinyozi akazima mashine yake. Halafu akafika kwa mzee wa mtoni.

"Anavuka," kaka akasema, "anafika ng'ambo, anapewa shuka. Hakuna muziki, hakuna maneno. Shuka tu."

Dereva mmoja wa lori, aliyekaa karibu na kioo, akacheka. "Jaji, umetazama ipi? Yule mzee alizama. Fimbo ndiyo iliyofika."

"Alivuka," kaka akasema.

"Alizama bwana, mke wangu alilia siku mbili."

Kinyozi akaingilia, "Basi, basi, kila mtu na jicho lake," halafu akajiuma ulimi. Kaka akatabasamu kwa taabu, akaruka mbele kwenye ile anayoipenda, akaitaja jina lake lililoandikwa kwenye jalada. Mwalimu mmoja mstaafu akasema ameitazama mara mbili. Kaka akafurahi. Akaanza: daraja, daftari, mke, begi. Alipofika kwenye saa nne na robo, duka zima lilikuwa kimya. Nilidhani wameguswa. Nitazameni mimi, hata wakati ule kuna kipande changu kilichokuwa kinangoja sifa.

Mwalimu akasema kwa upole, na upole huo ndio uliokata, "Mzee wangu, filamu hiyo ni ya ndugu watatu wanaogombea mkahawa wa baba yao. Haina daraja. Haina mwanamke hata mmoja."

Dereva akapiga paja. "Labda aliyekusimulia alikuwa na filamu yake!"

Wote wakageuka wakanitazama mimi. Ningesema pale pale. Mdomo wangu ulikuwa wazi, hilo nakumbuka, nilihisi hewa kwenye meno. Lakini kaka akainua mkono kama alivyokuwa akifanya watu wakisema ovyo juu ya familia yetu.

"Mdogo wangu mumwache," akasema. "Mdogo wangu hasemi uongo. Tena hata angetaka hawezi, kichwa hicho hana, muulizeni mtu yeyote. Kama daraja halipo, basi ni kichwa changu kilichochanganya."

Nikafunga mdomo.

Tulirudi nyumbani, yeye ameshika bega langu. Mlangoni akasema, "Baba alianza hivihivi." Na kweli baba alianza hivihivi, akiwa na miaka sitini na saba: kwanza alichanganya safari alizosafiri, kisha majina yetu, na mwisho akamwamkia mama "shikamoo" akidhani ni mamake. Kaka ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Kaka sasa ana sitini na sita.

Jumatatu alinikabidhi ufunguo wa sanduku lake la bati. "Ukae nao wewe," akasema. Jumanne akakataa kuwasha jiko, ambalo alikuwa analiwasha kwa kupapasa miezi yote hiyo bila kuungua hata kidole. Akaniambia, "Nikikosea jambo, Sindano, niambie hapo hapo. Usinionee haya. Nakutegemea wewe." Nikasema ndiyo, Kaka. Na kila asubuhi, jua likichomoza, nilimsikia kupitia ukutani ananong'ona. Nikadhani anasali. Nikajiambia vizuri, mwache asali, na mimi nitasema kesho.

Msiniulize kwa nini kesho. Nilikuwa na sababu chungu nzima. Ana homa kidogo, nisimwongezee. Kuna mteja anakuja. Nikisema atahama, na atahamia wapi? Zote ni uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wake, na nilikuwa naionea uchungu tisa yangu. Ndugu yangu anajizika, mimi naionea uchungu alama.

Alhamisi asubuhi nilipita karibu na mlango wake na chai, nikasikia vizuri. Hakuwa anasali. Alikuwa anasimulia lile daraja, mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila kukosea mahali. Kisha akasema, "Halipo." Akarudia, "Halipo. Litoke." Akaanza tena mwanzo.

Nikarudi jikoni na chai yake.

Alipotoka alinitaka nilete daftari na kalamu. Akaketi kwenye kigoda, mgongo wima. "Tafuta ile ya mwezi wa kumi," akasema. "Ya daraja. Ifute. Jina, alama, sababu, vyote. Sitaki nikifa watu wakute nimeandika ndoto za kichaa."

Nikafungua ukurasa. Mwandiko wangu mwenyewe: tisa. Nikaweka kalamu juu ya mstari. Kalamu haikwenda.

"Umefuta?"

"Kaka," nikasema, "huna kichaa. Ni mimi."

Nikasema yote, kwa fujo, nikianza na kifungo. Nilisema nalia, kamasi zinanitoka kama mtoto, nimepiga magoti kwenye vipande vya nguo, nimeshika miguu yake. Nikasema samahani mara nyingi mpaka neno likaisha maana. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kama hakimu kweli:

"Yule baba aliyekwenda kumwita daktari?"

"Sijui alikwenda wapi. Nilikuwa natia kifungo."

"Mzee wa mtoni?"

"Alizama, Kaka."

"Daraja?"

"Langu. Lote. Mpaka begi."

Mkono wake ulipapasa kichwani kwangu, nikadhani atanibariki au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anahakikisha tu niko wapi.

"Siku nne," akasema. "Siku nne nimekuwa najiaga, Sindano. Kila asubuhi nahesabu watoto wako kwa majina, nahesabu hatua za kwenda msalani, naangalia nini kimebaki. Macho yaliniondoka, nikasema sawa, kichwa ninacho. Wewe ukanichukulia na kichwa."

"Nisamehe, Kaka."

"Na ulikuwa mlangoni pale kwa kinyozi. Ulinisikia nakutetea."

Nikachukua kalamu nifute mwenyewe. Akasikia karatasi, akanishika mkono. "Iache," akasema. "Nilisema tisa. Hukumu haibadiliki kwa kuwa nimemjua mshtakiwa." Nilitaka kufurahi. Lakini alisema hivyo kwa sauti kavu, uso ameugeuzia dirishani ambako haoni kitu, nami nikafunga daftari.

Jumapili nilivuka barabara peke yangu. Nikasimama katikati ya duka la kinyozi, nikawaambia wanaume wale kwamba Jaji ana akili timamu na mwongo ni mimi. Dereva wa lori hakucheka. Kinyozi alizima mashine akasema, "Haya Fundi, tumesikia." Mwalimu akanifuata mpaka mlangoni akaniomba nimsimulie tena ile ya daraja, polepole. Nikamwambia siwezi.

Jumamosi tatu kaka hakutaka filamu. Ya nne, saa nane mchana, alitoka chumbani akatafuta kigoda kwa mguu. "Weka yoyote," akasema.

Nikafunga mlango wa wateja. Nikaweka sindano kwenye kibweta, nikafunga kibweta, nikaweka mikono mapajani. Filamu ikaanza. Nikasema, "Kuna chumba. Kuna mwanamke mzee kakaa kitandani, anafunga kamba za viatu."

Kaka akanigeuzia sikio. Kabla ya hapo, kwa filamu arobaini na mbili, hakuwahi kuniuliza swali hili hata mara moja.

"Kweli?"

"Kweli, Kaka."

"Endelea."

"Anasimama. Anakwenda mlangoni."

"Kweli?"

"Kweli."

Ndivyo tunavyotazama sasa. Kila sentensi, kweli, na kila sentensi namjibu. Filamu ya saa mbili inatuchukua tatu. Mwisho wa ile ya siku hiyo mwanamke alirudi kitandani, akalala, hakuamka. Nilitazama mpaka nikahakikisha. Kaka alikuwa anangoja, na nilijua neno unalolitaka moyo wake, ningeweza kumpa, nilikuwa nalo tayari mdomoni.

"Amekufa, Kaka," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."